Jinsi Ngo-Ngo Alivyofukuzwa

Gemu haikuwa hata na mzuka bado, na tayari Fundi alikuwa amepigilia misumari mia mbili na arobaini ndani ya meza moja. Si misumari ya chuma, la hasha. Misumari ya kwenye kompyuta! Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, seremala anayeheshimika, kiuno kimefungwa mkanda wa daktari, anakaa kutwa mbele ya kioo akichora msumari mmoja mmoja na kuuzamisha kwenye mbao ambayo ni picha tu. Akachonga na ndimi za kuunganishia miguu, zile zinazoingia kwenye matundu yake zikapotea humo. Meza ikasimama imara kwelikweli. Kompyuta ndiyo iliyoanza kukoroma, ikapata moto, ikazimika.

"Sasa hivyo vyote vya nini?" akauliza Kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye wateja wakipungua huhamia kwenye karakana ya Fundi na kujifanya mkaguzi. "Nani atakayeviona?"

"Mimi najua vimo."

"Aa, kumbe. Basi weka na mchwa, uwafuge humo humo."

Fundi akaguna. Usimcheke, maana alikuwa mwanafunzi wa miezi miwili tu. Miezi miwili hiyo nyuma alikuwa akibeba kabati la nguo na mtu mwingine, yule mwingine akaachia, na kabati likamwonyesha mgongo wa mtu ulivyo kitu dhaifu. Daktari akampiga marufuku kuinama na kubeba kwa miezi mitatu. Mke wake akamfukuza nyumbani siku ya nne, kwa kuwa alikuwa anamfundisha kupanga masufuria. Akarudi karakanani, akakaa katikati ya mbao asizoruhusiwa kuzigusa, na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mwanawe. Humo ndimo alipoona video za watu wanaofundisha kutengeneza michezo, na humo ndimo alipokuta tangazo la shindano la wanaoanza: gemu fupi ya kutisha, isiyozidi dakika kumi na tano, mwisho wa kupokea Jumapili. Zawadi yenyewe ilikuwa kuchezwa na watu. Hata hakuhitaji kufikiri, hadithi alikuwa nayo tangu utotoni.

Ngo-Ngo!

Nyumba ya Ngo-Ngo ilikwisha kuvunjwa zamani, lakini Fundi alikuwa nayo kichwani futi kwa futi. Sakafu ya saruji nyekundu, iliyopigwa nta mpaka ukivaa soksi unateleza kutoka mlango wa mbele hadi jikoni bila kuinua mguu. Redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kana kwamba ingeshikwa na mafua. Dirisha la jikoni lililokosa kioo kimoja, pakazibwa na kalenda iliyokwisha muda wake miaka mitatu, yenye picha ya farasi mweupe anayekutazama kwa dharau. Pipa la maji na kikombe chake cha bati kilichofungwa kamba. Halafu korido ndefu, na mwisho wa korido, mkono wa kushoto, chumba cha nyuma.

Ngo-Ngo alihamia chumba hicho mwaka ambao Fundi alikuwa na miaka sita. Wakati huo hakuwa fundi wa chochote. Alikuwa mwembamba kama njiti, wakamwita Kijiti, likamganda. Mama alikuwa amekwenda kutibiwa kifua, mbali. Baba alikuwa dereva wa malori, wiki hayupo, siku mbili yupo. Nyumba ikabaki mikononi mwa Dada, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu. Asubuhi moja Dada alimkalisha Kijiti kwenye kiti, akamshika mabega.

"Sikiliza vizuri, sirudii. Chumba cha nyuma kimepata mwenyewe. Anaitwa Ngo-Ngo. Ukiugusa ule mlango, unageuka kifuniko cha sufuria."

"Kifuniko kipi?"

"Kile kilichobonyea."

Tena Ngo-Ngo alikuwa na masharti yake. Kila jioni kabla ya chakula, Kijiti aende akae sakafuni, mgongo wake uegemee mlango ule, aseme mambo matatu aliyoyafanya siku hiyo. Ya kweli, si ya kutunga. Ngo-Ngo akigonga mara moja, amesikia. Akigonga mara mbili, anataka uongeze. Akigonga mara tatu, inuka uende, na ole wako ugeuke nyuma. Na zile sauti za kukabwakabwa zilizokuwa zikisikika humo ndani? Hayo ni mapamba, alisema Dada. Ngo-Ngo anakula mito, pamba inamkwama kooni.

Jamani, mtoto yule aliogopa! Alitoka jasho la viganja kila jua lilipoanza kushuka. Lakini hapo hapo, nisikufiche, aliona fahari. Watoto wengine mtaani walikuwa na mbwa, na mmoja alikuwa na baiskeli. Mzuka wa nyumbani kwake alikuwa nao yeye peke yake. Basi alikaa pale kila jioni na kusimulia, mwanzo kwa kutetemeka, baadaye kwa kupiga porojo hasa, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kumsikiliza hivyo. Ngo-Ngo alikuwa na hamu ya kila kitu. Ngo, ngo. Ongeza.

Ulipokaribia kutimia mwezi, Kijiti akapiga hesabu yake. Mama ameondoka, Ngo-Ngo amekuja. Kwa hiyo Ngo-Ngo amekalia nafasi ya Mama. Kwa hiyo Ngo-Ngo akitoka, Mama atarudi. Jioni moja hakuketi. Alisimama akautazama ule mlango ana kwa ana, akapiga moyo konde, akaupiga ngumi mbili na kupayuka kwa nguvu zake zote: "Ondoka! Ondoka kwetu, Mama arudi!"

Kimya.

Na Ngo-Ngo hakugonga tena. Si siku ile, si kesho yake, si siku yoyote. Kijiti alivimba kichwa, wee! Alipita koridoni akipiga mluzi. Aliupiga mlango ule teke kila alipokwenda jikoni, kwa kumkomoa tu. Kisha Shangazi akaja kumchukua akakae kwake kidogo, na aliporudi akaambiwa kwamba Mama amefia huko huko alikokuwa akitibiwa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Lakini mwaka ule wote uliomchukulia kila kitu ulimwachia jambo moja tu la kujivunia, nalo akalishika. Alipopeleka kiti chake cha kwanza kwa mteja mkali, alijisemea: mimi nilimfukuza Ngo-Ngo. Alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, alijisemea hivyo hivyo. Hata juzi, amelazwa kwenye mashine ya kupiga picha za mgongo, midomo ilikuwa ikicheza.

Mtu pekee aliyeyajua hayo yote ni Dada, na Dada alikuwa hataki kuyasikia. Ndicho kilichomkera Fundi miaka yote. Dada huyu huyu, mpishi mkuu mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke aliyeweza kucheka msibani mpaka akatolewa nje, ukimtajia Ngo-Ngo tu anakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. "Mambo ya kitoto hayo," anasema, huyoo anainuka. Hajawahi hata mara moja kusema: ndiyo, mdogo wangu, ulimfukuza. Basi Fundi hakuwa akiitengeneza gemu ile kwa ajili ya shindano, tusidanganyane. Alitaka Dada aicheze mpaka mwisho, acheke, akiri. Alikuwa amemwalika aje Jumamosi, siku moja kabla ya kuituma.

Ijumaa akamjaribishia Kinyozi. Kinyozi alifunga duka, akaning'iniza taulo shingoni la kufutia jasho, akavaa spika za masikioni, akasema yuko tayari kwa lolote. Baada ya dakika kumi na mbili akazivua.

"Fundi, nikuambie ukweli au nikupake mafuta?"

"Sema."

"Mzuka wako ana adabu mno. Mimi ni mwoga, unanijua, jana nimekimbia mfuko wa plastiki. Lakini huyu hanitishi. Nimekaa pale mlangoni nikajikuta nataka kumsimulia ugomvi wangu na mke wangu."

Fundi akanuna. Kinyozi akaendelea, maana ukimpa ruhusa ya kusema hujui atakapoishia. "Tena mlango haulii. Gemu ya kutisha, bwana, mlango lazima ulie. Kriiii! Mtu nywele zisimame, na mimi nipate kazi ya kuzinyoa."

"Mlango ukilia ni mlango mbovu."

Hapo Kinyozi alikuwa amegonga mwamba. Mji mzima ulimjua Fundi kwa milango isiyotoa sauti. Alitembea na kichupa cha mafuta mfukoni, akienda kuwasalimu watu anapaka bawaba zao kabla hajakaribishwa kiti. Na mlango wa chumba cha nyuma, alieleza, haukulia. Mlango wa jikoni ulipiga kelele, wa mbele ulinguruma, huo wa nyuma nao zamani ulikuwa ukilia kama wenzake, lakini tangu Ngo-Ngo aingie haukutoa sauti hata siku moja.

"Kwa hiyo alikuwa hali wala hatoki?"

"Mzuka anapita ukutani, Kinyozi. Usinichoshe."

"Haya. Na humo ndani umeweka nini? Nimejaribu kuchungulia naona giza tu."

Mtu aliyezamisha misumari mia mbili na arobaini mahali pasipoonekana, hakuweka chochote ndani ya chumba cha nyuma. Hata ukuta wa nne hakuujenga.

"Sijui humo ndani mlikuwa na nini," akasema. "Sikuwahi kuona."

Jumamosi saa nane mchana Dada akaingia, amevaa viatu vyake vya kutokea, akipepea vumbi la mbao kwa mkoba.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba. Mgongo?"

"Upo."

"Upo wapi? Mbona umejikunja kama alama ya kuuliza?" Akajitupa kwenye kiti, akakisikilizia kama kitalalamika, hakikulalamika. "Haya, nionyeshe huo mchezo. Nimeacha mboga motoni kwa jirani, sina siku nzima."

Akaonyeshwa kipanya. Akakigeuza chini juu, akakitafutia mkia, akauliza kama kinauma. Fundi akamfundisha: hiki cha kutembea, hiki cha kutazama, hiki cha kuchagua. Kwa dakika tatu Dada alitembea akigonga kuta kama mlevi, huku akimlaumu mtoto wa kwenye kioo kwa kutoangalia aendako. Kisha mkono ukaelewa. Akaingia sebuleni.

Akamsogeza mtoto hadi kwenye redio. Akatazama kile kitambaa cha kufuma.

"Hiki nilikifuma mimi," akasema. "Hapa pembeni nilikosea."

"Nimeweka na kosa. Angalia."

Dada akainamia kioo, akaliona kosa, akaangua kicheko. Alipofika jikoni na kumkuta farasi, alipiga kofi pajani. "Farasi! Kijiti, umemkumbuka farasi! Baba alikuwa anamwamkia, unakumbuka? 'Habari ya asubuhi, bosi.'" Akagundua kwamba mtoto anaweza kuteleza na soksi, akamtelezesha korido nzima, akarudi, akamtelezesha tena, akicheka mpaka akajifuta macho. Fundi alisimama nyuma ya kiti akiushikilia mkanda wake wa kiuno, na moyo wake ulikuwa umejaa. Miaka mingi alikuwa hajamsikia Dada akicheka ndani ya nyumba ile.

Kisha jioni ikaingia kwenye gemu. Kuta zikageuka rangi ya chungwa, na mtoto akaketi mwenyewe mwisho wa korido, mgongo mlangoni. Maneno yakajitokeza ili mchezaji achague. Fundi hakuyatunga, aliyakumbuka. Leo nimepoteza kiatu kimoja. Leo nimelamba sukari kwenye kopo. Leo jino langu limeanza kutikisika.

Dada hakucheka tena. Akayachagua moja moja, polepole. Alipochagua la jino, ukasikika mlango: ngo, ngo.

Akaondoa mkono kwenye kipanya kama ameungua.

"Umeiweka chini," akasema.

"Nini?"

"Sauti. Inatokea chini."

"Ndiyo. Futi moja na nusu kutoka sakafuni." Fundi alifurahi kwamba mtu ameliona hilo, kwa kuwa lilimgharimu siku mbili. "Ndipo ilipokuwa ikitoka. Nilikuwa naisikia hapa, katikati ya mgongo. Siku zote nilijua Ngo-Ngo ni mfupi."

Dada akarudisha mkono. Akacheza zilizobaki, jioni baada ya jioni, akisema ya kweli kila mara. Hata hakujaribu kumdanganya Ngo-Ngo kuona itakuwaje, jambo ambalo Kinyozi alilifanya dakika ya kwanza. Mwisho mtoto akakataa kuketi. Akasimama akautazama mlango, na katikati ya kioo likatokea neno moja la kubonyeza: ONDOKA.

Fundi akasubiri. Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati.

"Bonyeza, Dada."

"Sibonyezi."

"Ndiyo mwisho wenyewe. Bonyeza tu hapo."

"Nimesema sibonyezi, Kijiti."

Hapo Fundi akapandwa na hasira, na hasira ya miaka arobaini na minane ikitoka haina breki. "Kwa nini lakini? Kila siku hivi! Nikikutajia Ngo-Ngo unakimbilia jikoni. Leo huna pa kukimbilia, jiko liko kwa jirani! Nimekaa hapa miezi miwili na mgongo huu, nimekujengea nyumba nzima mpaka na farasi. Nataka kitu kimoja tu kutoka kwako. Sema nilimfukuza. Mara moja tu, Dada, useme."

"Ulimfukuza," akasema Dada. "Haya. Nimesema."

Lakini alikuwa akilia. Fundi hakuwahi kumwona analia bila sauti.

"Wewe si ndiye seremala?" Dada akamuuliza, bila kugeuka. "Niambie. Kitanda kina kimo gani?"

"Kitanda gani?"

"Kitanda, Kijiti. Kitanda cha kawaida cha mtu kulala. Kutoka sakafuni."

"Futi moja na nusu," akajibu Fundi upesi, kama anavyowajibu wateja kila siku. Kisha akasikia alichokisema.

Akavuta kigoda, akakaa. Karakana ilikuwa inanuka gundi na mbao mbichi, harufu aliyoipenda maisha yake yote.

Dada akasimulia akiwa amekitazama kioo, mtoto akiwa bado amesimama pale. Hospitali walimrudisha Mama. Walisema hakuna zaidi wanaloweza. Baba alimleta alfajiri, Kijiti amelala, na muuguzi aliyekuja naye akasema mtoto mdogo asimkaribie kabisa, ugonjwa unaambukiza. Mama akakubali yote, ila akauliza, nitamsikiaje?

"Ngo-Ngo hakuwa wangu, mdogo wangu. Aliyemtunga ni Mama. Alijua ukiambiwa tu usiingie, utaingia. Alinipa maneno yote, na mambo matatu, na kugonga. Mimi niliongeza kifuniko cha sufuria tu."

Bawaba Dada alizipaka mafuta ya kupikia, mara mbili kwa wiki, ili Kijiti asisikie anapoingiza chakula. Kitanda walikivuta hadi mlangoni ili mkono wa Mama ufike. Kuanzia saa kumi alikuwa akiuliza kama jua limeshuka. Kila alipogonga mara tatu, ni kwamba kikohozi kilikuwa kimemzidi na hawezi kukizuia tena.

Fundi akatazama mikono yake. Lilibaki swali moja.

"Na siku ile? Niliposema aondoke?"

"Nilikuwa humo ndani, namnywesha maji. Ulipopiga ngumi, kikombe kilinidondoka kitandani."

"Mama alifanya nini?"

"Alicheka."

"Usinidanganye, Dada. Mimi si mtoto."

"Naapa kwa kaburi lake. Alicheka mpaka akajiziba mdomo na shuka, mabega yanatikisika. Akaninong'oneza, 'Umemsikia? Haogopi tena.' Nilitaka nitoke nikunyamazishe, akanishika mkono. Akasema, 'Sigongi tena. Mwache ashinde.'" Dada akapangusa uso kwa kiganja kizima, kama afutavyo meza. "Siku tisa, Kijiti. Aliishi siku tisa baada ya hapo. Siku tisa hakugonga, na kila kikohozi kilipokuja aliuma shuka, usije ukajua yupo. Ulikuwa ukipita unapiga mluzi, unapiga mlango teke. Kila teke anatabasamu. Alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu. 'Lile jino je? Limetoka?' Na mimi sikuwa na la kumjibu, maana hukuniambia."

Fundi akanyoosha mkono kwenye kipanya. Dada akauwahi.

"Unafanya nini?"

"Naifuta. Naifuta yote."

"Thubutu!" Ile sauti ya kuita watoto mia nne mstari wa chakula ikarudi yote. "Mama alikulipia ushindi huo kwa siku tisa za kuuma shuka, wewe leo unataka kuurudisha? Ulikuwa wako. Kwa nini unadhani nimefunga mdomo wangu huu, mdomo kama huu, miaka yote? Kesho uipeleke hivi hivi ilivyo. Hata msumari usitoe."

Kisha yeye mwenyewe akabonyeza.

Sauti ya mtoto ilikuwa ya Fundi. Hakupata mtoto wa kumrekodi, akajirekodi mwenyewe, akaipandisha kwa kompyuta mpaka ikawa nyembamba ya ajabu. "Ondoka! Ondoka kwetu, Mama arudi!" Kimya kikafuata. Kioo kikaandika: NGO-NGO AMEONDOKA. Wakakaa wote wawili wakiyatazama maneno hayo mpaka yakafifia.

Kwenye ukuta wa karakana palikuwa na mlango mpya wa mteja, umeegemezwa, haujapakwa rangi. Fundi akainuka, akauendea, akaanza kushuka chini taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Wewe! Mgongo! Daktari amesemaje?"

Hakumjibu. Akafika sakafuni, akanyoosha miguu kwenye maranda, akauegemeza mgongo wake mbovu kwenye mbao.

"Leo nimemaliza gemu," akasema, akitazama mbele. "Leo nimemgombeza Dada." "Na lile jino lilitoka. Lilitoka Jumanne, kwenye kipande cha mkate. Sikumwambia mtu. Nililiweka kwenye kibiriti kitupu, nikalificha chini ya godoro, ili Mama akirudi nimwonyeshe yeye kwanza."

Dada alikuwa amekwisha kuhama kiti. Alipiga magoti kando ya ule mlango, mwanamke mzima na viatu vyake vya kutokea, akapitisha mkono nyuma ya mbao, chini, futi moja na nusu kutoka sakafuni.

Ngo, ngo.

Fundi akafuta pua kwa kiganja. Akaanza na habari za kwa Shangazi, mwaka ule ule, kwa sababu mambo ya kusimulia yalikuwa mengi.